Ulimchukua Umtazame, au Umtunze?



Leo nina kesi. Mshtakiwa ni mimi mwenyewe, na marehemu ni mnyama asiye na macho, asiye na moyo wala ubongo, ambaye wengi wenu mkimwona mtasema ni ua. Naomba msicheke mpaka nimalize.

Miaka mitatu iliyopita bosi wa kaka yangu alihama nchi, akamwachia tangi la samaki la kioo, lita 200. Kaka hakulitaka. Nikalichukua mimi, nikaliweka chumbani kwangu hapa Dar es Salaam, nikachota maji ya bahari kwa madumu, nikaweka mawe, pampu na samaki wawili. Wiki mbili baadaye, siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa, nikatembea mwambani na kisu kidogo. (Sio Bongoyo wala Mbudya, kule ni hifadhi, hilo nilijua. Lakini msione kama najitetea.) Kwenye ufa wa jiwe nikamkuta anemoni, yaani yule mnyama wa minyiri laini anayejishika kwenye mwamba na kupunga na mkondo, yule ambaye samaki wadogo wenye mistari myeupe hujificha ndani yake. Wengi mnamkumbuka kwenye ile filamu ya Nemo. Nemo mwenyewe kwa kweli si wa pwani yetu, jamii yake iko mbali huko mashariki. Sisi tuna ndugu zake.

Alikuwa mzuri jamani. Kahawia inayoelekea kijani, ncha za minyiri zimevimba kama shanga. Nikaingiza kisu chini yake nikambandua. Alinishinda mara mbili, mara ya tatu akatoka, na kipande cha mguu wake kikabaki kwenye jiwe.

Aliishi kwangu siku 19. Siku za kwanza alijikunja kama ngumi. Kisha akafunguka kidogo, nikafurahi, nikampa kipande kikubwa cha kamba, akakimeza, na usiku akakitapika. Rangi ikaanza kupotea, akawa mweupe kama karatasi, na mimi kwa ujinga wangu nikapiga picha, nikaweka status, watu wakasema "waoo". Sikujua kwamba weupe ule ni njaa. Asubuhi ya siku ya 19 nikaamshwa na harufu. Alikuwa ameyeyuka. Ule uozo ulikuwa umechafua maji yote, na samaki wawili walikuwa wanaelea ubavu juu.

Sasa mtu anaweza kusema: pole, lakini hii ni habari ya blogu ya mambo ya imani kweli? Hata mimi nilidhani siyo. Mpaka siku nilipomsimulia padre mlezi wa vijana wetu, kama kichekesho tu, baada ya mkutano. Hakucheka. Akaniuliza: "Ulimchukua ili umtazame, au ili umtunze?"

Sikuwa na jibu. Nimekaa na swali hilo muda mrefu kuliko maswali mengi ya mafungo.

Tuanze na upande ulio mgumu. Kuna dhambi gani kumwua mnyama asiyejua kwamba yupo? Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha kwamba ukatili kwa wanyama ni mbaya hasa kwa sababu humzoeza mtu kuwa mkatili kwa binadamu wenzake. Ni hoja nzuri kwa mbwa anayelia na punda anayepigwa. Lakini anemoni halii. Ana mtandao tu wa neva uliotawanyika mwilini, hana kichwa cha kuumwa. Hakuna aliyewahi kuwa mkatili kwa mke wake kwa sababu alizoea kubandua anemoni. Kwa hiyo kama kosa langu linasimama juu ya maumivu yake, huenda halisimami kabisa.

Nadhani linasimama mahali pengine. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2415 hadi 2418, inapozungumzia wanyama haianzi na maumivu. Inaanza na kwamba wao ni viumbe vya Mungu, na kwamba kwa kuwepo kwao tu wanamtukuza. Baba Mtakatifu Fransisko alilirudia wazo hilo mwaka 2015 katika Laudato Si', alipohuzunika kwamba aina nyingi za viumbe zinatoweka kwa sababu yetu, na hivyo ile sifa waliyokuwa wakimpa Mungu inanyamaza. Tazama vizuri: sifa hiyo haihitaji ubongo. Anemoni aliyejibana kwenye ufa wake anasali kwa kuwa anemoni. Kisu changu kilimtoa kwenye sala hiyo, nami nikampa kazi nyingine ya kuwa pambo langu.

Wengine mtasema: Mungu alitupa kutawala samaki wa baharini, Mwanzo sura ya kwanza. Ndiyo. Lakini soma mpaka sura ya pili, mstari wa 15, mtu anawekwa bustanini alime na atunze. Laudato Si' inasisitiza kwamba maneno hayo yasomwe pamoja. Mimi nilisoma ukurasa mmoja nikaenda mwambani.

Basi je, ni haki kumweka kiumbe wa bahari ndani ya kioo? Sitaki kujibu haraka, maana kuna hadithi mbili za kweli ambazo haziniachi nijibu haraka, na zote mbili zinatoka Uingereza ya karne ya 19.

Ya kwanza ni ya Philip Henry Gosse. Alikuwa Mprotestanti mcha Mungu sana, na mtaalamu wa viumbe wa pwani. Mwaka 1854 alichapisha kitabu The Aquarium, na mwaka 1860 akakamilisha kitabu kikubwa kuhusu anemoni wa Uingereza. Alitaka watu waione kazi ya Muumba ambayo macho ya watu wengi hayajawahi kuiona. Na watu waliitikia! Ikawa fasheni. Familia nzima zilishuka pwani na ndoo na patasi, kila sebule ikataka tangi lake. Mwanawe, Edmund, alipoandika kumbukumbu zake mwaka 1907, alieleza kwa uchungu jinsi vidimbwi vya mwambani vilivyokuwa vimejaa uhai tangu zamani vilivyovamiwa na jeshi la wakusanyaji na kuachwa vitupu, na jinsi jambo hilo lilivyomhuzunisha baba yake. Fikiria mtu huyo. Alipenda viumbe kwa sababu alimpenda Mungu, akawaonyesha wengine, na mapenzi yale yakaviangamiza.

Sijui mnaisikiaje hadithi hiyo. Mimi nilisikia status yangu ikilia "waoo".

Ya pili ni ya Granny, yaani Bibi. Mwaka 1828, Sir John Graham Dalyell, mwanasheria na mpenzi wa elimu ya viumbe, alimchukua anemoni mmoja mdogo mwekundu kwenye pwani ya Uskoti, akamweka ndani ya chombo cha kioo nyumbani Edinburgh. Hapakuwa na pampu, taa za kisasa wala vipimo vya dukani. Maji ya bahari yalibadilishwa mara kwa mara, na alilishwa kidogo kidogo. Dalyell alifariki mwaka 1851. Bibi hakufariki. Alirithiwa na mtunzaji mwingine, kisha mwingine, akazaa watoto kwa mamia, watu wakaja kumtazama, naye akaendelea mpaka mwaka 1887. Miaka 59 ndani ya chombo kidogo, akiwapita umri wa utunzaji wote waliomwita wao.

Hadithi hii inanishika kuliko ile ya kwanza. Maana inaonyesha kwamba kioo chenyewe si lazima kiwe jela ya mauti. Na inanionyesha jambo ambalo Injili hutuambia kila mara kuhusu mawakili na mali ya bwana, sisi tukalipita: Dalyell hakuwa na Bibi. Alikuwa na zamu. Kijana unayetaka kuweka anemoni chumbani, jiulize kwanza hilo. Ukienda chuo? Ukipata kazi Dodoma? Nani atapokea zamu?

Sasa nieleze kwa vitendo maana ya kumtunza, kwa sababu ukiitaja tu "utunzaji" kila mtu anaitikia amina na hakuna anayejifunza kitu. Na nakiri napenda sehemu hii.

Jambo la kwanza ni kungoja, nalo ndilo linaloua wengi. Tangi jipya linaonekana safi lakini ni changa. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaokaa kwenye mawe na mchanga huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, ambayo ina nafuu. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kujaa, na tangi zima huchukua miezi kutulia. Wazoefu husema usimtie anemoni kabla ya miezi sita, wengine wanasema mwaka. Mwaka mzima unatazama mawe! Unapima maji, unaandika kwenye daftari, hakuna kinachotokea. Mimi nilingoja wiki mbili.

Kisha mwanga. Ndani ya mwili wa anemoni wa maji ya joto wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho. Wao hutumia mwanga kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wao. Ile rangi ya kahawia ni wao. Akikosa mwanga wa kutosha au maji yakizidi joto, anawapoteza, ndiyo maana anakuwa mweupe. Hili hutokea hata baharini: mwaka 1998 bahari yetu ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yaligeuka meupe na kufa. Kwa hiyo taa ya jikoni niliyomfungia mimi ilikuwa sawa na kumwekea mgonjwa sahani tupu kila siku huku namsifia amependeza.

Maji: chumvi gramu 35 hivi kwa lita, na isipande na kushuka. Joto kati ya nyuzi 24 na 27. Wenzetu wa nchi za baridi hununua vyombo vya kupasha maji. Dar shida yetu ni kinyume, chumbani kwangu mwezi wa pili maji yanafika 30 bila kuombwa. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji inashusha joto. Lakini feni inakausha maji, na yanayokauka ni maji tu, chumvi inabaki, kwa hiyo kila siku unaongeza maji baridi yasiyo na chumvi, na sio ya bomba moja kwa moja, maana klorini inadhuru, na hata chembe za shaba kutoka kwenye mabomba zinaweza kumuua. Umeme ukikatika, uwe na pampu ndogo ya betri. Mikono ioshwe na kusuuzwa vizuri kabla ya kuingia ndani, isiwe na sabuni wala mafuta.

Chakula: kipande kidogo cha kamba au samaki mbichi, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, mara moja au mbili kwa wiki. Ukimpa kingi anatapika na maji yanachafuka. Kuna upendo unaolisha mpaka unaua, akina mama wakubwa msinikasirikie.

Na sasa lililonifundisha zaidi. Anemoni anatembea. Polepole, kwa mguu wake huo mmoja, labda usiku kucha asogee kiasi cha kiganja. Unaweza kumwekea jiwe zuri katikati, mahali pa kupigia picha, yeye akaenda kujibana nyuma kabisa usikomwona. Huwezi kumlazimisha. Ukimbandua unamchana, na mguu ukichanika mara nyingi ndio mwisho. Kazi yako ni kufunika midomo ya pampu kwa wavu ili asinyonywe akiwa safarini, kisha umwache achague. Hata samaki ukimletea, huenda wakamkataa. Kati ya aina za anemoni zaidi ya elfu moja duniani, ni kama kumi tu ambazo samaki hao hukaa nazo, na hata hizo hawaamrishwi.

Mbwa ukimtunza anatikisa mkia. Paka, basi, angalau anakuja. Anemoni hakujui, na hatakujua. Utampimia maji miaka kumi na kwake wewe ni kivuli. Nimejiuliza kama ndiyo maana padre aliuliza vile. Anayetaka kutazama anahitaji kulipwa na macho yake, na siku anemoni akijificha nyuma ya jiwe anaona amepata hasara. Anayetunza hana shida na hilo, maji ya nyuma ya jiwe ni yale yale. Wale mlio kwenye uchumba, nimeahidi nisiwaingize, lakini mmenielewa.

Kuna pingamizi moja ambalo halijaisha. Mama mwenyekiti wa jumuiya yetu alikuja nyumbani kumwona mama yangu, akasikia pampu, akachungulia.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii mitambo yote shilingi ngapi?"

Nikamwambia. Akanyamaza kidogo. Kisha akanitajia mtoto mmoja wa jumuiya ambaye hajarudi shule kwa sababu ya sare na viatu. Hakuongeza neno.

Nilikimbilia kwenye Injili, kama tunavyofanya tukibanwa. Si yule mwanamke wa Bethania alimwaga marhamu ya thamani kubwa, na aliyelalamika kwa jina la maskini ni Yuda? Hoja tamu. Lakini siwezi kuitumia. Yule mwanamke aliimwaga kwa Bwana. Mimi nilikuwa nimejimwagia mwenyewe. Na Katekisimu ile ile, namba 2418, inayokataza kuwatesa wanyama bila sababu, inasema pia kwamba si vema kutumia kwa wanyama fedha ambazo zingetangulia kupunguza shida za watu. Ni sentensi mbili za namba moja. Huwezi kuchukua moja ukaacha nyingine.

Sikuuza tangi, niseme ukweli. Nilifikiri kuuza, na huenda mtu mwema kuliko mimi angeuza. Nilichofanya ni kulipa sare na viatu kwanza, halafu tangi likasubiri taa yake miezi minne zaidi. Tangu hapo kila kitu ninachonunulia bahari yangu ya chumbani nakiandika kwenye daftari upande wa kushoto, na upande wa kulia naandika kilichokwenda kwa mtu. Kuna miezi upande wa kulia unaona aibu. Sioni kama swali limejibiwa, naona tu kwamba limehamia mahali ninapoliona.

Na mwambani sijarudi na kisu. Nilingoja miezi 14. Jamaa mmoja anayetunza tangi la hoteli alinipigia kwamba anemoni wake amejigawa. Aina hiyo ya ncha zilizovimba hufanya hivyo, inajipasua yenyewe katikati na kuwa wawili, kila mmoja mzima. Alikuwa ameshakaa miezi mitatu, jeraha limepona, amejishika kwenye kijiwe kidogo. Tukambeba na kijiwe chake, hakuna aliyembandua. Kama mkitaka kuweka anemoni, mtafute huyo, aliyezaliwa ndani ya kioo. Wa mwambani mwacheni alipo.

Wiki ya kwanza alishuka kwenye kijiwe akaenda nyuma ya jiwe kubwa, pale pale nisipomwona. Nikazima taa nikalala.

Mwezi uliopita Mama mwenyekiti alipita tena, akachungulia. "Kiko wapi sasa hicho kiua chako?"

"Yuko nyuma, Mama. Haonekani."

"Kumbe! Na anakula?"

"Anakula. Jumatano na Jumamosi."

Akavuta kiti akakaa, akaegemeza kichwa ubavuni mwa tangi kujaribu kumwona kwa pembeni. Mama alichemsha chai mara mbili kabla hajaondoka.